Ukoo Usio na Teja

Celestina alirudi kutoka bandarini na mikungu yake ya ndizi juu ya guta la matairi matatu, akakuta viatu vya shemeji yake mlangoni. Viatu vyeusi vya ngozi, vimepigwa brashi, vimepangwa sambamba kama vinauzwa. Akajua kuna jambo. Rwehumbiza hakuwa mtu wa kuja Nyakato kusalimia tu. Yeye alikaa Nyegezi, upande mwingine wa jiji la Mwanza, kwenye nyumba ya vigae, na akija kwa mjane wa mdogo wake huwa amekuja kutoa taarifa.

Alimkuta sebuleni, ameketi kwenye kiti cha marehemu, amekivuta mpaka katikati ya chumba. Mezani kulikuwa na kisahani cha kahawa ya kutafuna, zile buni za Bukoba zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo Wahaya humpa mgeni wa heshima. Kando ya kisahani, vikombe viwili vya chai, kimoja kina alama ya rangi ya mdomo.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Karibu kwako," alisema Rwehumbiza, kana kwamba yeye ndiye mwenye nyumba. "Umepishana na mgeni. Yule binti wa mahakama alikuja."

Celestina alisimama pale pale na kanga ya mabegani haijashuka. "Kwenye simu aliniambia Alhamisi."

"Nilimpigia simu, nikamwambia aje leo. Nimekupunguzia mzigo."

Mzigo wenyewe ulikuwa huu. Jonathan, mtoto wa pekee wa Celestina, alikamatwa karibu na viwanda akiwa na vifuko vya dawa ambayo vijana wanaiita kioo. Si bangi wala mirungi, si kitu kilichoota shambani kwa mtu. Ni kemikali zilizochemshwa huko zinakochemshwa, zikaganda vipande vyeupe vinavyong'aa kama chumvi ya mawe. Jonathan alikiri kwamba alikutwa navyo, mahakama ikamtia hatiani, ikabaki adhabu. Hapo hakimu akaahirisha. Alisema afisa probesheni aende nyumbani kwa mshtakiwa akaulize watu wanaomjua anaishi vipi. Kama itaonekana ni mtumiaji aliyezidiwa, upo uwezekano wa kumpeleka akatibiwe chini ya uangalizi. Kama si mtumiaji, basi alikuwa na shughuli nyingine na vile vifuko, na atakwenda gereza la Butimba kwa miaka ambayo mama yake huenda asiimalize.

Maneno hayo Celestina aliyabeba kifuani tangu siku ile. Aliyasema kwenye rozari, aliyasema kwenye foleni ya meli. Alishapanga atakavyomwambia yule afisa, Dorcas, kila kitu bila kuficha.

"Umemwambia nini?" aliuliza.

"Nimemwambia ya kuambiwa mgeni." Rwehumbiza alichukua buni moja, akaitafuna taratibu. "Kwamba kijana ametoka nyumba ya watu. Babu yake katekista, baba yake alipiga kinanda parokiani. Hajawahi kuonja hata bia. Hivyo vitu alibebeshwa na marafiki, hakujua. Teja kwetu hakuna, wala hajawahi kutokea. Na mwenyekiti wa jumuiya yenu nilimwita, mama Dorotea, naye amesema vizuri mno. Amelia hadi yule binti akampa leso."

Celestina aliketi kwanza kwenye kiti kidogo, ili asiseme akiwa amesimama.

"Shemeji. Jonathan anavuta. Wewe unajua anavuta. Choo changu hakina bati kwa sababu yake."

"Bati ni kitu cha kununua."

"Sijasema habari ya kununua. Yule binti hakuja kuposa hapa. Alikuja kuuliza kama mtoto ni mgonjwa, wewe umemjibu ni mtoto wa nani."

Rwehumbiza aliacha kutafuna.

Kwa watu wa kwao, kabla ndoa haijafungwa, upande mmoja hutuma watu kuulizia ukoo wa upande wa pili. Wataulizia kifafa, wataulizia wizi, wazimu, uchawi. Mwenye nyumba atawapa kahawa, atawajibu kwa upole, na kila aibu ya nyumba ile itakuwa imeshafagiliwa uvunguni. Waulizaji nao wanajua wanadanganywa kidogo, wanakunywa chai yao, wanarudi kusema ukoo ni safi. Ndivyo watu wanavyooana. Na Rwehumbiza alikuwa na binti, Sharon, ambaye posa yake ilikuwa imeshafika kutoka Muleba, kwao Kagera, kwa watu wenye daktari na padre. Kila mgeni aliyeuliza habari za ukoo mwaka ule, yeye alimwona ametoka Muleba.

"Nikueleze, shemeji," alisema sasa kwa sauti ya kikao. "Kesi ni bahati mbaya, inampata yeyote. Jela mtu anaingia, anatoka, watu wanasahau. Lakini teja ni damu. Wakishasikia kuna teja, watauliza na mwingine ni nani, na mama yake alikuwaje, na binti tunayemchukua atazaa nini."

"Kwa hiyo Jonathan afungwe ili Sharon aolewe."

"Usiyaweke hivyo."

"Wewe ndiye umeyaweka. Mimi nimeyasoma tu yalivyokaa."

"Unajua shida yako?" Rwehumbiza alisimama, akavaa koti. "Wewe umeolewa tu kwenye ukoo huu. Uchungu wa jina huwezi kuujua."

"Nimeolewa, nimezika, na ninalea," alisema Celestina. "Wewe niambie umefanya lipi kati ya hayo kwa mdogo wako. Na ukitoka hapo, kile kiti kirudishe kilipokuwa."

Alikirudisha. Akavaa viatu vyake akaondoka bila kuaga. Celestina alichukua kile kisahani cha kahawa akakimwaga chote kwenye ndoo ya taka, kitu ambacho hajawahi kukifanya maishani mwake.

Jioni ile ile alimfuata mama Dorotea. Alimkuta anachambua dagaa uani.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Celestina, njoo ukae. Umeambiwa? Nimemsifu mtoto wako hadi mwenyewe nimeshangaa."

"Nimeambiwa. Ulimwambia yule dada kwamba Jonathan hagusi dawa?"

"Nikamwambia ni mtoto wa kwaya."

"Dorotea, kwaya ameacha tangu mwaka juzi. Na wewe ndiye uliyenipigia simu kwamba anatembea juu ya ukuta wa shule anaongea peke yake."

Dorotea aliacha dagaa. Alikuwa mwanamke mnene, mwema, na wema wake haukuwa na breki. "Mzee alisema tukimsema vizuri atatoka. Sasa mimi ningemsema vibaya mtoto wa mjane mbele ya serikali? Ningekuja kukutazama na macho gani?"

"Na haya haya uliyonayo. Ungesema kweli."

"Nilidhani nasaidia."

"Najua ulidhani. Ndiyo maana sikutukani."

Dorotea alianza kulia. Celestina alimwacha alie, kwa sababu siku ile hakuwa na nafasi ya kumbembeleza mtu mwingine.

Kulipokucha alikwenda ofisini kwa Dorcas. Alikuwa binti mdogo kuliko alivyomtarajia, mwenye miwani na uchovu, meza yake imejaa kazi za watu wengine. Alimsikiliza Celestina mpaka mwisho. Kisha akavua miwani.

"Mama, mimi niliuliza mara mbili. Nilimuuliza mzee, nikamuuliza mama wa jumuiya. Na kabla ya hapo nilikwenda mahabusu nikamuuliza Jonathan mwenyewe. Wote watatu walinijibu jambo moja. Hata nikaona ajabu, maana huwa hawafanani hivyo."

"Jonathan alisemaje?"

"Alisema hajawahi. Alisema baba yake mkubwa alikwenda kumwona, akamwambia asikubali kitu hicho."

Celestina alitazama mikono yake. "Basi ibadilishe hiyo ripoti."

"Niliiandika jana ile ile, na asubuhi hii imeshafika kwa hakimu. Siwezi kuiendea na kusema nimesikia mengine barabarani. Lakini kabla ya adhabu hakimu atauliza kama kuna wa kusema lolote. Hapo utasimama wewe. Mama, naomba uelewe kitu. Ukisimama utasema mbele ya watu wote. Hakuna chumba cha pembeni."

"Watu wote nawajua," alisema Celestina. "Wanakula ndizi zangu."

Siku ya hukumu watu walijaa. Umoja wa Wahaya waishio Mwanza, ule unaosafirisha maiti kwenda Kagera na kuchangia harusi, ulikuja karibu wote, maana Rwehumbiza alikuwa mwenyekiti wao. Walivaa vizuri. Walikaa benchi za mbele kama wamekuja kwenye kipaimara. Rwehumbiza alimwekea Celestina nafasi kando yake, akamwambia kwa sauti ya chini, "Leo ni siku ya kunyamaza, shemeji. Tumwachie Mungu."

"Mungu ameshasikia yangu," alisema Celestina. "Bado hakimu."

Jonathan aliletwa akiwa na pingu. Alikuwa amenenepa kidogo kwa ugali wa mahabusu, lakini meno ya mbele yalikuwa yameliwa, meusi kwenye fizi, meno ya mzee kwenye uso wa kijana. Aliwaona ndugu zake, akainamisha kichwa. Hakumtazama mama yake.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ndogo na asiye na haraka. Alisoma kwa ufupi yaliyoelezwa na afisa probesheni: mshtakiwa ni kijana wa maadili, wa familia ya dini, haijulikani kwa yeyote kwamba anatumia kilevi. Benchi za mbele zilitikisa vichwa kwa kuridhika. Celestina aliwaona wanavyotikisa vichwa, akatamani kuwapiga kila mmoja kofi.

Wakili wa Serikali, kijana wa suti ya bluu, alisimama. Hakuwa na kazi ngumu.

"Mheshimiwa, nawashukuru sana ndugu wa mshtakiwa," alisema, "kwa sababu wamenirahisishia. Mzee wa familia anasema kijana hatumii. Mwenyekiti wa jumuiya anasema hatumii. Mshtakiwa mwenyewe anasema hatumii. Tunakubaliana nao. Sasa mtu asiyevuta, anatembea na vifuko vile vyote kwa ajili gani? Hakuwa anavipeleka kanisani. Huyu si mgonjwa wa kuhurumiwa. Hawa ndio wanaoua watoto wa wenzao huku wao wakiwa na afya njema. Tunaomba adhabu kali, iwe fundisho."

Vichwa vilivyokuwa vikitikisika vilisimama. Ndipo walipoona walichojenga, na nani amefungiwa ndani yake. Rwehumbiza alitoa kitambaa akajifuta shingo.

"Mshtakiwa, una la kusema kabla sijatoa adhabu?"

"Sina, mheshimiwa."

"Kuna ndugu anayetaka kusema?"

Celestina alisimama. Mkono wa Rwehumbiza ulimshika kitenge kwa nyuma, kwa siri, kama mtu anayemzuia mtoto asianguke. Aliuondoa mkono ule bila kugeuka.

"Mimi ni mama yake, mheshimiwa. Naitwa Celestina, nauza ndizi Nyakato. Hayo yaliyosomwa hapo, ya maadili na nini, sikuyasema mimi. Siku hiyo nilikuwa bandarini. Mimi nakwambia mtoto wangu anavuta kioo na amezidiwa."

Minong'ono ikapita. Mtu mmoja wa benchi za mbele akasema "Yesu" kwa sauti ya chini. Hakimu akainua mkono, wakatulia.

"Eleza, mama."

"Alikuwa anafanya kazi kiwanda cha samaki, zamu ya usiku, anachuna minofu ya sangara. Huko ndiko alikopewa mara ya kwanza ili asisinzie, kisu kisije kikamkata. Mwanzo nilifurahi, mheshimiwa, niseme kweli. Mtoto halali, halegei, anarudi asubuhi anafua na nguo zangu. Nikasema nimejaliwa mtoto mchapakazi. Halafu kazi ikaisha, kukesha hakukuisha. Mwaka huu, kuanzia Jumapili ya Matawi mpaka Ijumaa Kuu, hakufunga jicho. Alifungua redio ya marehemu baba yake, yote, vipande vipande, anatafuta sauti inayomsema. Akafungua pasi. Akafungua feni. Akafungua kitasa cha mlango wa mbele akashindwa kukirudisha, nikawa nalala mlango umeegemezwa mkungu wa ndizi. Akaziba dirisha kwa maboksi, anasema wapo watu juu ya bati. Mimi na umri huu nilipanda ngazi nikamwambia tazama, hakuna mtu. Akaniambia, wamekuona unakuja wakashuka."

Watu wa nyuma walicheka. Yeye hakucheka, nao wakaacha.

"Sufuria zangu ameuza. Bati za choo ameuza. Tunaoga tunatazamana na mbingu. Siku moja alinishika mkono huu hapa, akaniuliza mimi ni nani na mama yake nimemficha wapi. Sasa naambiwa huyu ni mzima. Naambiwa na watu waliokaa hapa mbele, wamevaa vizuri. Hawa wote nawapenda, tumezikana. Lakini waliulizwa kama mtoto ni mgonjwa, wao wakasifu babu yake. Walidhani wamekuja kuulizwa habari za kuoa." Sauti yake haikupanda. Ilizidi kuwa nzito, neno kwa neno. "Waliompa kile kitu hawapo hapa, mheshimiwa. Wanaokichemsha hawapo hapa. Yupo yeye na meno yake. Kama ni kumfunga kwa kosa alilofanya, mfunge, nitampelekea sabuni. Usimfunge kwa sababu sisi tuna haya."

Aliketi.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akainua macho. "Mzee Rwehumbiza, simama. Umemsikia?"

"Mheshimiwa, shemeji yangu ni mjane, ana uchungu. Mtu mwenye uchungu husema lolote."

"Nimekuuliza habari za kijana. Habari za shemeji yako sijaziulizia. Anatumia au hatumii?"

Rwehumbiza alipangusa shingo tena. "Mimi siishi Nyakato, mheshimiwa. Niko Nyegezi. Siwezi kujua kila kinachofanyika."

"Mbona kwa afisa wangu ulizungumza kama mnalala chumba kimoja?"

Safari hii walicheka hata wa mbele. Rwehumbiza aliketi taratibu, kama mtu mwenye mgongo mbovu. Hakimu akamgeukia Jonathan. Jonathan alitazama sakafu, akasema mama yake anaongea sana, basi. Hakimu akasema hilo ameliona mwenyewe, hakuhitaji shahidi. Akaamuru kijana apelekwe kwa daktari apimwe na kuhojiwa, na Dorcas arudi Nyakato, safari hii akaanzie chooni.

Waliporudi mahakamani, watu wa umoja hawakuja. Alikuja Rwehumbiza peke yake, akakaa mwisho kabisa. Daktari alieleza habari za meno, za makovu ya moto kwenye midomo na vidole, za moyo unaokwenda mbio bila sababu. Dorcas alisema amekuta fremu za feni, pasi isiyo na tumbo, na choo kisicho na paa. Alisema majirani waliotaka kuongea walikuwa wengi kuliko muda aliokuwa nao.

Hakimu alisema kupatikana na dawa ni kosa, na limebaki kosa. Kisha akasema mahakama haitampeleka Butimba mtu ambaye ugonjwa wake umefichwa zaidi na jamaa zake kuliko ulivyofichwa na yeye. Atakaa kwenye nyumba ya upataji nafuu, wanakotibiwa watumiaji wa dawa, huko Misungwi, chini ya uangalizi wa Dorcas, mpaka watakaomtibu waseme. Akitoroka, atarudi mbele yake.

"Na siku hiyo," alisema, akimtazama Celestina kwa mara ya kwanza kama mwanamke anavyomtazama mwanamke, "sitamsikiliza mama."

"Siku hiyo nami sitakuja, mheshimiwa," alisema Celestina.

Nje, Rwehumbiza alimsubiri kwenye ngazi.

"Umefurahi?"

"Bado."

"Muleba wameshapata habari. Jana wamepiga simu wakauliza ni teja wa upande gani."

"Waambie Sharon ni mzima, anapika, anasali. Yeye ndiye wanayemwoa."

"Wewe unatania." Midomo ya Rwehumbiza ilikuwa inacheza. "Sikiliza basi, nami nikwambie. Umoja umekaa. Wewe umetuvua nguo mbele ya Wasukuma na kila mtu. Siku ukifa, tutaona ni nani atakayekusafirisha kwenda Kagera."

Ni neno zito, hilo. Kwa mjane wa kwao ni kama kuambiwa utatupwa. Celestina alilisikia lilivyoingia, likagusa mahali penye giza. Lakini hasira iliyokuwa imejaa mle ndani haikuliachia nafasi ya kukaa.

"Nikishakufa sitakuwa na haraka, shemeji," alisema. "Mimi shughuli zangu ni za hawa walio hai."

Jonathan alipitishwa kuelekea kwenye gari la idara, pingu zimefunguliwa, Dorcas mbele. Alisimama mbele ya mama yake. Macho yalikuwa mekundu.

"Umenianika," alisema. "Mpaka habari za choo, mama. Mtaa mzima."

"Ndiyo."

"Bora ungeniacha nifungwe."

"Nuna," alisema Celestina. "Una haki ya kununa. Lakini utanunia Misungwi. Ingia kwenye gari."

Akaingia. Naye akaingia nyuma yake bila kuombwa, na Dorcas hakuwa na nguvu ya kubishana.

Ile nyumba ilikuwa nje kidogo ya mji wa Misungwi, katikati ya mashamba ya mahindi, ng'ombe wa watu wakipita mpaka karibu na baraza. Vijana kadhaa walikuwa wanapalilia. Hawakuinua vichwa. Aliyewapokea aliitwa Masalu, Msukuma mrefu mwenye meno ya bandia, na mtu akiyatazama meno yale hakuhitaji kuuliza aliishi vipi zamani. Aliwapa maji. Aliwakalisha kwenye chumba chenye madawati kama darasa.

"Haya, kijana," alisema Masalu. "Unatumia nini?"

Jonathan alionyesha kwa kidevu upande wa mama yake. "Mama ameshasema yote mahakamani. Muulize yeye."

"Mama ni mgonjwa?"

"Hapana."

"Basi hapa hatibiwi. Sema wewe. Unatumia nini, ulianza lini, na mara ya mwisho kujaribu kuacha ilikuwaje. Usiniambie kwa wasifu, mimi sikuposi."

Celestina alimtazama Masalu kwa kushtuka, lakini yule mtu hakujua lolote la Nyakato. Alikuwa anaongea tu kama wanavyoongea huko.

Jonathan alijikuna mkono. Alianza kusema kioo, akasema zamu ya usiku, akasema wenzake. Sauti ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo. Kisha ikabadilika.

"Kuacha nilijaribu. Kabla tu sijakamatwa. Nilimfuata baba mkubwa dukani kwake, Nyegezi. Nikamwambia nimeshindwa, nitafutie mahali, hata pa kufungwa kamba. Mama sikutaka kumwambia, alikuwa ameshachoka. Baba mkubwa akafunga mlango wa duka. Akasema nivumilie mpaka Sharon aolewe. Nisionekane kwenye hospitali yoyote ya mjini, maana kuna watu wanatuulizia. Akanipa soda. Nikanywa soda yangu, nikaondoka. Nikaona hata huko hakuna msaada, basi nikaenda kutafuta kingine. Ndivyo vile vifuko walivyonikuta navyo."

Dorcas alitazama dirishani.

Celestina alijikuta amesimama. Alikuwa anajua Rwehumbiza alidanganya. Alishamkasirikia kwa hilo, hasira ya kawaida, ya kwenye ngazi, ya kurushiana maneno. Hili lilikuwa jingine. Mtoto wake aliomba, kwa mdomo wake mwenyewe, akiwa bado ana akili ya kuomba, akapewa soda.

"Mama, katupumzikie nje kidogo," alisema Masalu. "Yanayofuata ni ya kwake."

Alikwenda akakaa kwenye benchi la baraza. Nyuma ya ukuta alisikia sauti ya Jonathan ikiendelea, maneno hayasikiki, lakini inaendelea. Jua lilikuwa kali juu ya mahindi. Alitoa rozari yake. Alianza Baba Yetu. Alikwenda vizuri mpaka mkate wa kila siku. Alipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, akamwona Rwehumbiza anafungua soda, anaifuta chupa kwa kiganja, anampa mtoto. Ulimi ukagoma.

Akarudi mwanzo. Akafika pale pale, ukagoma tena.

Angeweza kupita haraka haraka kama watu wanavyofanya kanisani, wakiwa na haraka ya kwenda kupika. Lakini hakuwa ametoka kusema kweli mbele ya hakimu ili aje amdanganye Mungu kwenye baraza la watu. Akaifunga rozari ndani ya leso.

"Hapo utanisubiri," alimwambia Mungu, kwa sauti ya kawaida, kama anavyowaambia wateja ndizi zisipokuwa zimeiva. "Leo sina."

Akaenda kuwauliza wale vijana wa shambani kama kuna jembe la ziada.